Bibi Ida Wells na Mizani ya Khabari

Kila asomaye gazeti huketi, pasina kujijua, mahali pa kadhi. Huletewa madai, akatajiwa mshtakiwa, akaelezwa kosa lake. Kisha huikunja karatasi na kuinuka, na hukumu imekwisha kupita moyoni mwake. Lakini kadhi hana ruhusa ya kuhukumu kwa neno la mdai peke yake. Hana budi kumwita shahidi, kumchungua, na kumsikiliza yule wa upande wa pili. Msomaji wa gazeti hamwiti mtu. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Ida Wells, aliyezaliwa utumwani na kufa mwaka 1931, ambaye kwa muda wa karibu miaka arobaini aliyasoma magazeti ya nchi yake kama kadhi ayapokeavyo madai. Kusoma kwake huko kulimpotezea mali, kukamtoa mjini kwake, na mara nyingi kulikaribia kumtoa roho.

Alizaliwa tarehe 16 Julai 1862 katika mji mdogo wa Holly Springs, jimbo la Mississippi, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka. Baba yake, James, alikuwa seremala, na mama yake, Elizabeth, alikuwa mpishi. Na wote wawili, pamoja na mtoto wao, walikuwa ni mali ya mtu. Mwaka 1865 vita vilikwisha na utumwa ukaondolewa, na baada ya muda mchache wanaume weusi wakapewa haki ya kupiga kura. James Wells akaingia katika siasa kwa nguvu zake zote. Miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa ambayo Ida aliyakumbuka katika utoto wake ni kumsomea gazeti baba yake na rafiki zake waliokusanyika kumsikiliza, na mama yake akienda huku na huku chumbani usiku, pindi mumewe anapochelewa kurudi mkutanoni. Jina la Ku Klux Klan, kundi la wazungu waliokuwa wakiwatisha na kuwaua watu weusi wenye kushughulika na siasa, alilisikia kabla ya kuijua maana yake. Kwa hivyo gazeti, siasa na khofu ni vitu alivyovijua kwa pamoja, tena nyumbani kwao.

Mwaka 1878 homa ya manjano iliingia Holly Springs, ikamchukua baba, mama na mtoto mchanga. Ida alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Marafiki wa marehemu wakaketi kuwagawa mayatima, huyu aende kwa fulani na yule kwa fulani. Ida akakataa katakata, akashika yeye malezi ya ndugu zake. Akazirefusha nguo zake ili aonekane mtu mzima, akafanya mtihani wa ualimu, akapata shule ya shamba, na kila mwisho wa juma akirudi nyumbani juu ya nyumbu kuwafulia na kuwapikia wadogo zake. Baadaye akahamia Memphis, mji mkubwa wa jimbo la Tennessee.

Alipokuwa huko alitolewa kwa nguvu katika behewa la mabibi la gari la moshi, naye ana tikiti yake mkononi. Akaishtaki kampuni ya reli, na mwishoni mwa mwaka 1884 mahakama ikaamuru alipwe dola 500. Magazeti ya mjini yaliitangaza khabari hiyo kwa kejeli, kana kwamba ni kichekesho msichana mweusi kushinda kesi. Mwaka 1887 mahakama kuu ya jimbo ikaitangua hukumu ile. Kisa hicho alikiandika katika gazeti dogo la kanisa, na watu wakaipenda kalamu yake. Mwaka 1889 akanunua sehemu ya gazeti la watu weusi wa Memphis lililoitwa Free Speech, akawa mhariri wake. Na mwaka 1891, kwa kuwa aliandika juu ya ubovu wa shule za watoto weusi, wakubwa wa shule wakamnyima kazi ya ualimu. Tangu hapo riziki yake ikawa ni gazeti tu.

Gazeti hilo lilichapwa kwa karatasi ya rangi ya waridi, na sababu yake yafaa kutajwa. Watu wengi walilinunua ijapokuwa hawajui kusoma, wakaenda nalo kwa mtu wa kuwasomea. Na wauzaji wajanja wakawa wakiwapa gazeti jingine lolote na kuwaambia kuwa ndilo. Mhariri akaona bora alipe rangi yake, ili asiyejua herufi naye apate kulitambua kwa macho.

Sasa twafika kwenye jambo lililoyageuza maisha yake. Katika miaka ile, khasa katika majimbo ya kusini ya Marekani, lilikuwa jambo la kawaida kundi la wazungu kumshika mtu mweusi, mara nyingine kumtoa gerezani, wakamtundika mtini, wakampiga risasi au wakamchoma moto, bila ya hukumu ya mahakama. Serikali za majimbo zilitazama tu. Na magazeti yalikuwa na maelezo yao tayari: watu weusi huwanajisi wanawake wa kizungu, na wazungu, kwa uchungu wa heshima ya wake zao, hushindwa kungoja sharia. Maelezo hayo yalikaririwa hata yakawa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Bibi Ida mwenyewe, katika maisha yake aliyoyaandika baadaye, amekiri kuwa yeye pia alikuwa akiyasadiki. Alidhani kuwa ijapokuwa kuua bila hukumu ni kosa, huenda hao waliouawa walistahili kufa. Kukiri huku kwapasa kuangaliwa sana, kwa kuwa aliyesadiki hapa si mjinga wala adui, bali ni mhariri wa gazeti, na ni mweusi kama hao waliokuwa wakiuawa.

Thomas Moss alikuwa mchukuzi wa barua mjini Memphis, mtu mwenye heshima zake, rafiki mkubwa wa Ida. Na Ida ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa binti yake. Moss na wenzake walifungua duka la vyakula, People's Grocery, katika mtaa uliokuwa kwanza na duka moja tu, la mzungu aitwaye Barrett. Biashara ya Barrett ikapungua. Ugomvi ukaanza kwa watoto waliokuwa wakicheza gololi, ukawapanda wakubwa, ukafika mahakamani. Na usiku wa tarehe 5 Machi 1892 kikaja kikundi cha wazungu wenye silaha, wasiovaa mavazi ya kazi, wakaingia kwa mlango wa nyuma wa duka. Waliokuwa ndani wakapiga bunduki, na watatu katika hao waliokuja wakajeruhiwa. Asubuhi yake magazeti ya wazungu yakaandika kuwa maofisa wa sharia, wakiwa katika kazi yao, wamevamiwa na wahalifu. Na duka lile yakaliita pango la wacheza kamari na wezi. Juu ya Barrett na biashara yake iliyopungua, kimya. Watu weusi wengi wakatiwa gerezani, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Machi kundi likaingia humo, likawatoa Moss, Calvin McDowell na Will Stewart, likawapeleka nje ya mji na kuwaua kwa risasi.

Gazeti moja la asubuhi lilichelewesha kutoka kwake siku hiyo ili lipate kuwapa wasomaji khabari kamili. Lilieleza namna McDowell alivyopigania bunduki, na namna Moss alivyowaombea mkewe na mtoto wake, na kwamba neno lake la mwisho lilikuwa ni kuwataka watu wake waende magharibi, kwa kuwa hapo hawana haki. Wakazi wengi wa mji waliyasoma hayo wakasikitika, au wakafurahi, kila mtu kwa moyo wake. Bibi Ida aliyasoma akauliza: mwandishi ameyajuaje haya? Aliyesikia neno la mwisho la mtu anayeuawa usiku nje ya mji, alikuwapo. Gazeti lililongojea khabari za mauaji lilijua kuwa yatafanywa. Na juu ya yote hayo, serikali ikatangaza kuwa wauaji hawajulikani.

Na watatu hao hawakutuhumiwa kumgusa mwanamke yeyote. Kosa lao lilikuwa ni duka. Hapo ndipo maelezo yote aliyokuwa akiyasadiki yalipomvunjikia mkononi. Ikiwa hawa, anaowajua kama anavyojijua, wamegeuzwa wahalifu kwa kalamu ya usiku mmoja, je, wale asiowajua?

Kwanza akawaandikia watu wake wafuate wasia wa Moss, nao wakaanza kuhama kwa maelfu kwenda Oklahoma, ambako ardhi mpya ilikuwa ikifunguliwa. Waliobaki wakaacha kupanda tramu za mjini, hata wakubwa wa kampuni wakaja wenyewe ofisini kwake kuuliza kuna nini. Magazeti ya wazungu, yalipoona vibarua na wanunuzi wanakwenda zao, yakajaa khabari za Oklahoma: kuna njaa, kuna maradhi, waliokwenda wanajuta. Mwandishi mwingine angalijibu kwa maneno. Bibi Ida alifunga safari, akakaa huko wiki tatu akitazama, akayaandika aliyoyaona, watu wakayasoma na kuendelea kuhama. Khabari za njaa ya Oklahoma zilitoka kwa watu waliokuwa wakipata khasara kwa kila anayekwenda Oklahoma. Hiyo peke yake si dalili ya uwongo, lakini ni sababu ya kutosha ya kupanda gari la moshi na kwenda kutazama.

Desturi hiyo ya kwenda mwenyewe alikuwa ameianza. Simu ya shirika la khabari la Associated Press ilieneza nchi nzima kuwa huko Tunica, Mississippi, mtu mweusi ameuawa kwa kumnajisi binti wa mkuu wa polisi, mtoto wa miaka saba. Bibi Ida alifika Tunica. Akamwona huyo mtoto: ni mwanamke mzima wa zaidi ya miaka kumi na saba, aliyekutwa na baba yake nyumbani kwa yule mtu, na baba ndiye aliyelikusanya kundi ili kuficha aibu ya nyumba yake.

Na hapa pana jambo ambalo ndugu zetu waliosoma elimu ya hadithi watalifahamu upesi kuliko wengine. Khabari ile ya Tunica ilitokea katika magazeti mengi, ya New York, ya Chicago na kwengineko, na msomaji aliyeiona mahali kumi alidhani ana mashahidi kumi. Kumbe wote wamenakili simu moja, na simu ile imetoka katika wilaya ileile ambamo mkuu wa polisi ndiye baba wa msichana na ndiye kiongozi wa wauaji. Wapokezi ni wengi chini, lakini juu shina ni mtu mmoja, na mtu huyo ni mwenye kesi. Wingi wa namna hii hauongezi nguvu hata chembe.

Tarehe 21 Mei 1892, baada ya watu wanane kuuawa katika wiki moja, Free Speech ikaandika kuwa hakuna tena aamiye uwongo ule mkongwe juu ya wanawake, na kwamba wazungu wakiendelea nao watu wataanza kuitilia shaka heshima ya wanawake wao wenyewe. Makala hayo hayakuwa na jina. Magazeti mawili ya mji yakahimiza mwandishi wake atiwe adabu ya kutisha, yakidhani kuwa ni mwanamume. Tarehe 27 Mei kundi likaivunja ofisi na mashine zake. Mshirika wake alikimbia. Naye Ida, kwa bahati, alikuwa safarini upande wa kaskazini. Akapelekewa khabari kuwa watu wanangoja stesheni amuue wa kwanza atakayemwona. Hakurudi tena kukaa Memphis.

Gazeti la New York Age likampa kurasa zake. Tarehe 25 Juni 1892 likachapisha ushahidi wake wote katika nakala 10000, na miezi michache baadaye ushahidi huo ukatoka kama kijitabu. Lakini aliona kuwa mtu mweusi aliyefukuzwa, akisema jambo juu ya waliomfukuza, ataambiwa kuwa ana chuki. Akatafuta shahidi ambaye wapinzani wake hawawezi kumkataa. Chicago Tribune, gazeti la wazungu wenyewe, tangu mwaka 1882 lilikuwa likichapisha kila mwaka orodha ya watu waliouawa bila hukumu: jina, mahali, na tuhuma kama ilivyoandikwa. Wengi walikuwa wakiipitia orodha ile na kugeuza ukurasa. Bibi Ida aliihesabu.

Kwa mwaka 1892 orodha ilikuwa na watu 241, na 160 kati yao ni weusi. Katika hao 160, waliotuhumiwa kunajisi walikuwa 46, na waliotuhumiwa kujaribu 11. Waliotuhumiwa kuua walikuwa 58. Waliobaki walitajiwa wizi, kuchoma moto, ghasia, kuwatukana wanawake. Sita waliandikiwa kuwa sababu ni chuki ya rangi, na wanne hawakuandikiwa sababu yoyote. Mwishoni mwa orodha walikuwamo mvulana na msichana, ndugu, waliotundikwa Louisiana kwa ajili ya kesi ya baba yao. Basi magazeti yaliyokuwa yakisema kila siku kuwa sababu ya mauaji ni kunajisi wanawake, hesabu yao wenyewe ilisema kuwa tuhuma hiyo haikufika hata theluthi moja. Na hao 46 ni watuhumiwa, si waliothibitikiwa. Mtu wa Tunica huhesabiwa miongoni mwa watu wa namna hiyo.

Hesabu hizo alizipanua katika kitabu chake A Red Record cha mwaka 1895. Sisi twaongeza neno moja tu: orodha ya gazeti haihesabu mtu ambaye kifo chake hakikuandikwa. Kwa hivyo alichokihesabu yeye ndicho kichache kabisa kiwezacho kuwa.

Mwaka 1893 na mwaka 1894 alikwenda Uingereza kuhutubia. Magazeti makubwa ya Marekani yalikuwa hayamwandiki akisema kwao. Lakini aliposema Liverpool, Manchester na London, na magazeti ya huko yakaandika, ikawabidi wajibu. Wafanyabiashara wa Memphis walikuwa wakiwauzia Waingereza pamba, na sifa mbaya huathiri biashara. Gazeti moja la Memphis likajaza kurasa matusi juu ya tabia yake na kuzipeleka nakala mpaka Uingereza. New York Times nalo likamtukana. Ajabu ni kuwa katika matusi yote hayo hakuna aliyeigusa hesabu yake.

Mwaka 1895 aliolewa na Ferdinand Barnett, wakili na mwenye gazeti mjini Chicago, wakapata watoto wanne. Mara nyingine alihutubu akiwa na mtoto mchanga wa kunyonya pamoja naye.

Kazi ambayo sisi twaiona kuwa bora kuliko zote kwa mtu anayetaka kujifunza kusoma gazeti ni kijitabu chake juu ya Sam Hose. Mwezi wa Aprili 1899, katika jimbo la Georgia, kibarua mweusi Sam Hose alimwua bwana wake mzungu, Alfred Cranford, kwa shoka. Magazeti ya Atlanta yakaandika kuwa alimvamia akiwa mezani anakula, kisha akamnajisi mkewe. Gazeti la Constitution likaahidi zawadi ya dola 500 kwa atakayemkamata. Siku baada ya siku likaeleza kuwa atachomwa moto. Tarehe 23 Aprili alichomwa kweli, mbele ya watu elfu na zaidi, na wengine walikwenda kutazama kwa magari ya moshi kutoka Atlanta.

Bibi Ida na wenziwe wa Chicago walichanga fedha, wakamwajiri mpelelezi akaenda Georgia. Alirudi na maelezo kuwa Hose alikuwa akidai ujira wake, apate kwenda kumtazama mama yake aliyekuwa mgonjwa; kwamba Cranford alitoa bastola, na Hose, aliyekuwa akipasua kuni, akarusha shoka na kukimbia; na kwamba hakumgusa yule mwanamke. Bibi Ida hakuandika mengi. Alizipanga khabari za magazeti ya Atlanta kwa tarehe zake, moja baada ya moja, kisha baada yake akaiweka ripoti ya mpelelezi. Msomaji akizifuata tarehe zile aona kwa macho yake namna gazeti linavyoweza kutabiri jambo mpaka jambo likatendeka, kisha likaliandika kama kwamba lilikuwa likipita njia tu.

Mwaka uliofuata alifanya vivyo hivyo kwa machafuko ya New Orleans, akitumia magazeti ya mji huo. Mwaka 1909, huko Cairo, jimbo la Illinois, mkuu wa polisi aliyemwacha mfungwa akauawa aliondolewa kazini kwa mujibu wa sharia, naye akaomba kurudishwa. Bibi Ida akaenda, akakusanya ushahidi, akasimama mbele ya gavana dhidi ya mawakili, na gavana akakataa kumrudisha.

Hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye. Alikuwa mkali, aligombana na maadui na marafiki sawasawa. Ilipoundwa kamati ya kwanza ya chama cha N.A.A.C.P. mwaka 1909, jina lake halikusomwa. Likatiwa baadaye, lakini yeye alikwisha kutoka kwa hasira, jambo ambalo mwenyewe amekiri kulijutia.

Tendo lake kubwa la mwisho lilikuwa Arkansas. Mwishoni mwa mwezi wa Septemba 1919, karibu na mji wa Elaine, wakulima weusi waliolima pamba kwa kugawana mavuno na wenye ardhi walikutana kanisani usiku, katika chama chao, kutafuta namna ya kupata bei ya haki. Risasi zikapigwa, mzungu mmoja akafa, na kwa siku kadhaa makundi ya watu wenye silaha na askari wa serikali wakawawinda watu weusi mashambani. Waliouawa ni wengi, na wanahistoria hata leo hawajaafikiana juu ya idadi yao. Magazeti yakatangaza kuwa weusi walifanya njama ya kuwaua wazungu wote na kutwaa ardhi yao. Maneno hayo yalitoka kwa wakubwa wa wilaya ile, ambao miongoni mwao walikuwamo wenye ardhi. Watu weusi kumi na wawili wakahukumiwa kufa, katika kesi ambazo wazee wa baraza walikata shauri kwa dakika chache.

Mwezi wa Januari 1920 Bibi Ida, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, alikwenda Little Rock. Aliingia gerezani pamoja na wake na mama za wafungwa, akijifanya ni jamaa yao aliyetoka mbali, na mlinzi hakumshughulikia. Akawauliza kila mmoja: ulilima eka ngapi, ulivuna marobota mangapi, ulikuwa na mifugo gani, na vitu hivyo sasa viko kwa nani? Hakuna gazeti lililouliza maswali hayo. Katika kijitabu alichokichapisha, majibu yao yaonyesha kuwa katika njama ile ya kutwaa mali za watu, waliopoteza mavuno yao yote ni hao walioitwa wenye njama. Mwaka 1923 mahakama kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika rufaa ya sita kati yao, kuwa kesi iliyoendeshwa chini ya vitisho vya kundi si kesi. Na kufikia mwaka 1925 wote kumi na wawili walikuwa huru.

Alikufa Chicago tarehe 25 Machi 1931. Maisha yake aliyokuwa akiyaandika yalikatika katikati ya sentensi, na binti yake, Alfreda Duster, akayatoa kitabu mwaka 1970. Sharia ya nchi nzima ya kuyafanya mauaji yale kuwa kosa maalumu ilipitishwa Marekani mwaka 2022, na mwaka 2020 wakubwa wa tunzo ya Pulitzer, tunzo kubwa ya waandishi wa nchi ile, walimtaja kwa heshima kwa kazi yake ya khabari.

Katika kitabu hicho amesimulia kuwa siku ile gerezani Little Rock wafungwa walimwimbia nyimbo za kifo na pepo, wakasema wako tayari. Naye, badala ya kuwasifu kwa subira yao, aliwaambia waache kuimba juu ya kufa, na kama wana imani kweli na wamwombe Mungu awafungulie mlango wa gereza. Muda ukapita, na Jumapili moja kijana akabisha hodi nyumbani kwake Chicago. Bibi Ida hakumtambua. Akamwambia kuwa yeye ni mmoja wa wale kumi na wawili. Kwamba tangu siku ile hawakuimba tena juu ya kufa. Na kuwa amemtafuta mji mzima apate kumwambia hivyo.